Kielelezo Namba Moja

Niliapishwa nikiwa na grisi chini ya kucha.
Nilisugua kwa sabuni ya unga, kwa mchanga, kwa majivu,
haikutoka. Karani alinitazama vidole,
akausogeza Msahafu kidogo upande wake.

Mezani, ndani ya mfuko wa nailoni,
uma wa mbele wa baiskeli, umekatika shingoni,
una kibandiko, muhuri, sahihi.
"Jina?" Mrisho Kasanzu, fundi baiskeli,
Isevya, ukivuka mashine ya kukoboa.
"Elimu?" Darasa la saba. Na hii mikono.

Nyamizi alikaa benchi la mbele, magongo mapajani.
Alikuwa akitoka Ipole na madumu mawili ya asali.
Uma uliachia bila kelele, anasema,
kama mtu anayejiuzulu.
Taya likapokea barabara, goti likapokea madumu,
na nyuki walifika kabla ya watu.

Wakili wa kiwanda alikuwa na sauti ya upole:
"Mdai hakununua kwetu. Alinunua kwa Nassor, hapa Tabora.
Nassor alinunua kwa wakala, Mwanza.
Mkataba wetu na mama huyu uko wapi?"
Nikautazama ule mfuko wa nailoni.

"Tena alizidisha mzigo."
Nikasema, Mheshimiwa, twende stendi.
Ukutani kuna rangi waliyoilipia wenyewe:
mwanamume anatabasamu, mtoto kwenye bomba,
mke nyuma, amekalia gunia la mkaa,
na maneno makubwa: NDOVU DUME, HAICHOKI.
Hakimu aliandika. Aliandika muda mrefu.

"Risiti inasema, mali ikishauzwa hairudishwi."
Hapo Nyamizi akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo,
ule uliobaki na kazi:
"Na meno yangu?"
Akaambiwa anyamaze, zamu yake imepita.

Ndipo wakanipa uma niusome.

Chuma kinasomeka.
Pale ulipokatika, nusu ya duara ni nyeupe,
imeraruka siku ileile.
Nusu ya pili ina kutu, kutu ya kale,
iliyotangulia asali, iliyotangulia duka.
Weldi haikuzama. Imelala juu juu
kama utando wa maziwa yaliyopoa,
na juu yake rangi nyekundu, nzuri, ya kumvuta mnunuzi.
Nikasema: Mheshimiwa, huu haukuvunjikia Ipole.
Ulivunjikia kiwandani.
Ipole ulijulikana tu.

Watu wakaguna. Karani akagonga meza.
"Una cheti cha utaalamu wa vyuma, shahidi?"
Sina cheti. Nina miaka thelathini na moja
ya kupigwa na jua karibu na vyuma.

Akaniuliza mengine mengi.
Hili hakuniuliza, wala wakili wetu hakuniuliza:
kama niliwahi kuiona weldi ya namna ile.

Kibandani kwangu, ndani ya debe, chini ya njiti za zamani,
kuna vipande viwili vyekundu, shingo zilezile.
Kimoja cha mwalimu wa Itetemia.
Aliteguka bega tu, akamshukuru Mungu.
Kingine cha kijana muuza maji;
ufa niliuona mimi, yeye alikuja kuziba pancha.
Niliwafungia uma kuukuu, imara,
nikachukua elfu nane nane,
nikasema, ah, chuma cha siku hizi,
nikaagiza chai.
Duka la Nassor naliona nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu.
Baiskeli zilikuwa nje, zimepangwa, zimefungwa karatasi.
Hiyo ilikuwa wiki tatu kabla ya Nyamizi kuchagua yake.

Siku ya hukumu walitaja fidia, tarakimu ndefu,
na katika pumzi hiyohiyo wakataja rufaa.
Nje, kwenye ngazi, Nyamizi aliegemeza gongo moja,
akanishika mkono, huu huu wenye grisi,
akasema, asante fundi, ulisema kweli.

Nilisema kweli.
Nusu ya duara. Ile nyeupe.